Siku yetu ya urithi imebaki spika na hotuba tu, tunaifufuaje?

katibu_msaidizi

Wakuu habari za saa hizi, naomba mawazo maana mimi nimefika ukutani. Niko kwenye kikundi kidogo cha kijamii, hakuna anayelipwa, wote tunajitolea, kwenye daftari tupo kumi na tisa ila kikaoni tunafika watano, tukizidi sana saba. Kazi yetu kubwa ni siku ya urithi ambayo tunaiandaa kila mwaka. Zamani ilikuwa wazee wanakaa uani kwa mmoja wao, watoto wanakaa chini, zinasimuliwa habari za ukoo, majina ya sehemu na kwa nini zinaitwa hivyo, anayejua kusuka anasuka na wewe unasuka pembeni yake unakosea anakufumulia unaanza upya. Hakuna aliyeiita sherehe.

Sasa hivi ni jukwaa, spika mbili ndefu kunishinda mimi, tisheti zenye nembo ya mdhamini, mgeni rasmi anachelewa masaa matatu, hotuba nne, burudani dakika kumi, picha ya pamoja, watu wanatawanyika. Kesho yake tunaokota chupa uwanjani. Ndo basi hadi mwakani.

Kilichoniuma ni cha mwaka huu. Kuna bibi mmoja tulimpangia dakika tano aimbe nyimbo za kubembeleza watoto, mgeni rasmi alivyochelewa zikabaki mbili. Akapandishwa jukwaani, maiki imefungwa kwa urefu wa MC, na hakuna aliyejisumbua kuishusha, basi bibi wa watu anaimba huku kidevu kakiinua kama mtu anayechungulia juu ya ukuta, ubeti wa pili haujaisha DJ kashabandika muziki. Akasema asanteni akashuka. Jioni nikamsindikiza kwake, njiani akaniimbia zote taratibu, ziko saba, moja ni ya mtoto anayekataa kulala kwa sababu anajua akilala tu mama ataondoka. Na mimi sikurekodi hata moja, simu ilikuwa imezima chaji, chaji yenyewe ilienda kwenye kumpiga picha mgeni rasmi.

Sasa nauliza, tuiache hii siku? Au kuna watu humu wamewahi kuendesha kikundi kama hiki kikawa na kazi ya mwaka mzima na sio siku moja ya kelele? Vijana hawaji, hela hakuna, na mwenyekiti anasema mwakani tuongeze spika.

FundiSpika

Pole sana mkuu, na kwa niaba ya mafundi mitambo wote naomba radhi kwa bibi, hilo la maiki ni letu. Kushusha stendi ni sekunde tatu, unalegeza ile shingo unashusha unakaza. Mimi nimefunga mitambo kwenye shughuli nyingi za vikundi kama chenu na nakwambia ukweli ambao unaniharibia biashara, nusu ya hizo shughuli hazihitaji spika. Wimbo wa kubembeleza umetungwa kwa ajili ya sikio moja la mtoto aliyelala begani, wewe unaupitisha kwenye spika za kusikika barabarani, lazima ufe.

Ningekuwa mimi natoa jukwaa. Viti viwe duara, wazee ndani karibu na kivuli (kila mara nakuta wazee wamewekwa pembeni kwenye jua na meza kuu ndo ina turubai, sijui nani alianzisha), mnakuwa na sehemu tatu nne zinaendelea kwa wakati mmoja, hapa wanasuka, pale wanasimulia, kule nyimbo, mtu anazunguka anakaa anapopapenda. Spika moja ndogo ya matangazo inatosha. Na ratiba msiitundike kwa mgeni rasmi, akifika akute shughuli inaendelea akae kama wengine, hotuba yake iwe mwishoni wakati watu wameshapata walichokijia. Asipokuja hamjapoteza kitu.

mwekahazina_mstaafu

Mwanangu katibu, mimi nimeshika daftari la hela la kikundi miaka kumi na moja kabla sijampa mwingine, ngoja nikwambie kuhusu hela maana naona wote mnaikwepa.

Piga hesabu ya mwaka jana, andika kila kilichotoka, halafu weka alama kwenye vile vilivyobaki mikononi mwenu baada ya siku kuisha. Sisi tulifanya hivyo kikao kizima kikanyamaza. Jukwaa limerudishwa kwa mwenyewe, turubai limerudishwa, mitambo imeondoka, tisheti zimegawiwa, kilichobaki ni bango la kitambaa lenye mwaka uliopita. Hakuna hata daftari moja lililonunuliwa la kuandikia alichosema mzee. Hapo ndo tukakata, tukasema siku yenyewe haitakula zaidi ya theluthi ya mfuko, zinazobaki ni za kazi ya katikati ya mwaka. Kelele zilikuwa nyingi ila ilipita.

Jambo la pili, wafadhili. Mfadhili akikupa hela ya tisheti huwezi kununulia kinasa sauti, ile hela ina masharti, na ukiihamisha bila barua yake umejiharibia jina. Kwa hiyo kabla hajaamua, mpelekee wewe orodha ya unachohitaji, msisubiri aamue yeye. Wengi wanapenda kuhesabu vichwa, wangapi walihudhuria, basi na nyie mpeni namba nyingine, nyimbo ngapi zimerekodiwa, watoto wangapi wanajua kusuka ukingo bila kusaidiwa. Sisi kuna mdhamini mmoja, simtaji, alisimamisha bango lake mbele ya wazee wanaosimulia, picha zote zilitoka na bango na miguu ya wazee. Mwaka uliofuata tuliandika kwenye makubaliano bango linakaa getini. Alikubali kirahisi tu, kumbe kosa lilikuwa letu hatukuwahi kumwambia.

Na hata kama hela ni ndogo, waweka saini wawe wawili, risiti zibandikwe, mapato na matumizi yasomwe mbele ya wanachama wote. Vikundi vya kujitolea haviuliwi na ukata, vinauliwa na minong'ono.

nipo_nyuma

Mmeuliza vijana kwa nini hawaji, mimi ni kijana niwajibu. Tunaitwa siku moja kabla kwenye grupu la WhatsApp, "vijana mnaombwa kufika mapema kupanga viti". Tunapanga viti, tunabeba viti, tunarudisha viti. Nimefanya miaka mitatu hiyo kazi na hakuna siku niliulizwa nataka kujua nini. Halafu kwenye hotuba tunasemwa vijana wa siku hizi wameacha asili yao, mtu kashika kiti kichwani anasemwa.

Mimi nilikuja kupenda haya mambo kwa bahati tu, babu mmoja aliniona nimekaa akaniuliza jina la ukoo wangu, nikamtajia, akanitajia watu sita nyuma yangu kwa mpangilio, mmoja alikuwa kilema akatembea siku nne kwenda kuposa. Sita! Baba yangu anajua wawili. Nilirudi kwake kila wikiendi miezi mitatu. Hakuna kikundi kilichonipeleka. Tupeni kazi ya maana, tupeni tuulize maswali, tupeni funguo za kabati. Viti tutabeba tu hata hivo.

mlinda_asili

Naunga mkono vijana wapewe nafasi ila kwa masharti. Nimeona wakipewa nyimbo za wazee wanaweka biti, wanakatisha beti, wanaita eti ni ya kisasa. Urithi ni urithi, ukishagusa sio wenyewe tena. Kikundi kiweke sheria kwenye katiba yake, nyimbo ziimbwe kama zilivyo, mavazi kama yalivyo, basi.

msomaji_wa_usiku

@mlinda_asili nakuelewa hasira zako lakini hapo utabanwa. "Kama zilivyo" ni za mwaka gani? Muulize huyo bibi wa nyimbo saba kama mama yake aliziimba hivyohivyo, utashangaa. Hata ule Mkataba wa UNESCO wa 2003 wa kulinda urithi wa utamaduni usioshikika, ambao ulianza kufanya kazi 2006, unasema wazi kwamba urithi wa aina hii unarithishwa kizazi kwa kizazi na jamii inauumba upya kila wakati kulingana na mazingira yake. Na la maana zaidi kwa wenye vikundi, unasema urithi ni kile ambacho jamii zenyewe, vikundi na wakati mwingine mtu mmoja mmoja wanakitambua kuwa ni chao. Sio kile ambacho kamati imekitambua kwa niaba yao. Kwa hiyo mwenye kuamua kama biti inafaa ni bibi, sio katiba ya kikundi wala mimi na wewe.

Katibu, kwenye swali lako la kuiacha siku au kutoiacha, ngoja nikupe kisa kimoja maana nakipenda. Kule Marekani kulikuwa na mwanahistoria anaitwa Carter G. Woodson, wazazi wake walikuwa watumwa kabla ya uhuru wao, akasoma mpaka akapata udaktari Harvard mwaka 1912. Mwaka 1915 akaanzisha na wenzake chama cha kuchunguza maisha na historia ya watu weusi, mwaka uliofuata wakaanza kutoa jarida. Angalia mpangilio wake, chama kwanza, jarida, miaka ya kukusanya nyaraka, na ile Wiki ya Historia ya Weusi ambayo kila mtu anaikumbuka imekuja 1926, miaka kumi na moja baadaye! Na walimu walikuwa wanatumiwa picha na masomo ya kufundishia, sio wanapewa tarehe halafu wajijue. 1937 akaanzisha tena jarida dogo la walimu kwa sababu wiki moja ilikuwa haitoshi na yeye mwenyewe alijua. Wiki ilikuwa ya kuonyesha kilichosomwa mwaka mzima. Ilikuja kuwa mwezi mzima mwaka 1976, yeye ameshafariki zamani.

Sasa nyinyi mmeanza na wiki kabla ya chama. Ndo maana siku yenu ni tupu, hamna cha kuonyesha, kwa hiyo mnajaza na spika.

Na sio kwamba sherehe yenyewe ni upuuzi, hapana. Claudia Jones, mzaliwa wa Trinidad aliyefukuzwa Marekani akaishia London, baada ya ghasia za kibaguzi za Notting Hill mwaka 1958 aliandaa karnivali ya ndani ya ukumbi, St Pancras, Januari 1959, nje baridi kali. Sehemu ya hela ya kijitabu cha ile sherehe ilitengwa kusaidia kulipa faini za vijana waliokamatwa kwenye zile ghasia, weusi na weupe. Watu walicheza, na mtu akalipiwa faini. Huo ndo mpango wa kijamii na sherehe kwa pamoja, sio viwili. Jiulizeni siku yenu inamlipia nani faini, nasema kwa mfano tu.

Ah na Ufaransa 1984 walianza kitu cha kufungua milango ya majengo ya kale watu waingie waone, baadae nchi nyingi za Ulaya zikaiga. Hakuna jukwaa, mlango tu unafunguliwa. Nendeni na wageni uani kwa wazee wenyewe badala ya kuwaleta wazee uwanjani. Nimeandika refu samahanini, usingizi umekata.

dada_wa_kumbukumbu

Mimi naongelea kurekodi tu, mengine mmeyasema. Nimekusanya sauti za wazee kwa simu ya kawaida miaka minne na nimeharibu nyingi kuliko nilizopatia kwa hiyo sikilizeni.

Wa kwanza kabisa kumrekodi alikuwa mzee anayesimulia jinsi walivyohama. Saa nzima na dakika ishirini. Nikaenda kusikiliza nyumbani, nasikia feni. Feni ya darini ilikuwa juu ya kichwa chake, kwenye kikao hata sikuiona, masikio yanaizoea, simu haizoei. Mzee unamsikia kwa mbali kama yuko kwenye helikopta. Nilirudi baada ya wiki mbili akasimulia tena ila fupi, kipande cha mtoni alikiruka, akasema si nilishakwambia.

Kwa hiyo zima feni, toa simu kwenye mtandao isiite katikati, iweke karibu na mdomo wa msimuliaji kuliko wako, kama shubiri mbili, juu ya kitambaa kilichokunjwa isitikisike na meza. Kabla hajaanza sema wewe mwenyewe kwa sauti tarehe, mahali, jina la msimuliaji na jina lako, maana karatasi itapotea ila hiyo iko ndani ya sauti. Usiseme "ehee" "ndiyo" kila sentensi, tikisa kichwa. Akinyamaza mwache anyamaze, mara nyingi kizuri kinakuja baada ya hapo. Ukimaliza usikate usipambe, faili la asili linabaki kama lilivyo, ukitaka fupi tengeneza nakala. Nakala ziwe tatu, sehemu mbili tofauti, na moja isikae nyumba hiyohiyo. Simu ya katibu sio makavazi, jamani, simu ya katibu inaibwa.

Na ruhusa. Hili vikundi vingi vinaliruka. Usimuulize "naweza kukurekodi", atasema ndiyo kwa heshima tu. Muulize nani asikie. Mimi kuna mama alinipa nyimbo tatu, moja akasema wanawake tu wasikie, nyingine akasema mpaka nikishakufa, ya tatu weka popote. Nimeandika hivyo kwenye daftari mbele ya kila faili na ndo sheria, hata mfadhili akitaka zote kwenye ripoti hapati. Halafu mrudishie yeye nakala yake kabla ya mtu mwingine yeyote, mpelekee, kaa naye aisikilize. Yule mama alisikiliza yake akasema hapa nimekosea, akarekebisha beti mbili.

nipo_nyuma

Hiyo kazi ndo naitaka mimi. Naanzia wapi dada?

dada_wa_kumbukumbu

Anza na babu yako wa majina sita, mdogo wangu. Usipoandika wewe hao sita watabaki wawili.

mlinda_asili

Sawa nimesoma yote. La biti bado sijakubali ila la kumuuliza mwenye wimbo nimelikubali, wengi wetu hatujawahi kumuuliza.

katibu_msaidizi

Nimerudi wakuu, asanteni sana aisee, nimeprinti huu uzi nikaenda nao kikaoni (tulikuwa sita). Mwenyekiti alisoma ile ya mstaafu ya kuweka alama kwenye vilivyobaki, akachukua kalamu akaanza kuweka, akaweka moja, bango. Hajaongelea tena spika. Hatujakubaliana yote, wapo wanaoona bila jukwaa tutaonekana tumeshuka, na mgeni rasmi wa mwakani alishaambiwa tayari kwa hiyo huyo atakuja tu. Ila tumepitisha kwamba kila mwezi wawili wawili wanaenda kwa mzee mmoja, na siku ya sherehe itaonyesha kilichopatikana tu, kama ni kidogo iwe fupi.

Jana nikaenda kwa bibi kumuomba radhi ya maiki. Akacheka, akasema hakukasirikia maiki, alikasirika kwa sababu waliokaa mbele wote walikuwa watu wazima wenye tai, sasa yeye anambembeleza nani. Nikamuuliza kama nilivyofundishwa hapa, nani asikie hizi nyimbo. Akafikiri sana. Akasema wote wasikie, ila ile ya mtoto anayekataa kulala hawezi kuiimbia simu, hajawahi kuiimba bila mtoto na akijaribu maneno hayaji. Kweli alijaribu, alikwama mstari wa pili, siku ile ya njiani ilitoka kumbe kwa sababu tulikuwa tunatembea na mkono wake ulikuwa unapigapiga begani kwangu, mimi wala sikuona.

Jumamosi naenda na mtoto wa dada yangu, ana miezi minane na usingizi anaukataa kweli.

FundiSpika

Stendi uiache nyumbani. Weka simu kwenye mto karibu na mtoto.

dada_wa_kumbukumbu

Na feni uzime.